Nyumba Ambayo Baba Mkwe Haingii

Kwa muda mrefu cheo changu kilitanguliwa na neno kaimu, na neno hilo lilinikera kuliko tusi. Kaimu mkuu wa ufundi, Kisii na Nyamira. Ukiwa kaimu unafanya kazi yote, unalaumiwa kwa yote, na kiti unakikalia nusu tu. Nililiandika neno hilo chini ya kila barua pepe niliyotuma, na kila mara mkono ulitamani kulifuta.

Kampuni yetu husambaza intaneti kwa mawimbi, kutoka busta ya kilima kimoja hadi busta ya kilima kingine, mpaka ifike hospitalini, shuleni na maofisini. Busta ni mnara, lakini huku kwetu ukisema mnara watu watadhani unazungumzia kanisa Katoliki. Nilianza nikiwa wa kupanda na kufunga vyombo huko juu, nikiwa na mkanda kiunoni na spana mfukoni, kisha nikawa wa kupanga, kisha wa kusimamia wanaopanda. Kabla yangu hapakuwa na mwanamke aliyewahi kukalia kiti hicho katika kampuni, hata nusu. Wateja nao hawakuwa wamezoea. Mtu angepiga simu aseme, "Nipe injinia." Nikimwambia ndiye mimi, angesema, "Sawa, basi nipe yule mwingine."

Yule mwingine alikuwa msaidizi wangu, mtu wa Lamu, mpole, mwenye Kiswahili cha kukufanya uone haya kufungua mdomo. Naye pia aliiomba nafasi hii akaikosa, na hakuninunia. Akipokea simu za namna hiyo alikuwa akisema, "Naam, injinia yuko hapa karibu nami, ngoja nikupe," kisha ananirudishia mimi simu. Tulicheka sana kwa mchezo huo.

Aliyeshika hatima yangu alikuwa mkurugenzi wetu wa ufundi kule Nairobi, mama wa Machakos asiyependa maneno mengi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa fundi katika kampuni ile, na watu walidhani kwa sababu hiyo atanibembeleza. Hakunibembeleza hata kidogo. Aliniita akaniambia, "Nipe hii miezi ya radi bila Nyamira kuzimika, na hiyo kaimu nitaitoa mwenyewe. Ikizimika, kuna mtu hapa Nairobi anangojea hicho kiti, na mimi sitakuwa na la kusema. Mwanaume akiangusha, ni busta imeanguka. Wewe ukiangusha, ni wanawake wameanguka. Sijatunga mimi hiyo sheria."

Nilirudi Kisii nikiwa na hasira, si naye, na hiyo sheria. Lakini nilifanya kazi.

Sasa, Nyamira yote ilikuwa ikipata mawimbi yake kupitia Marani. Milima yetu ni mizuri kwa macho na mibaya kwa kazi yangu. Ukisimama juu ya moja unazibwa na mwingine, na palipo wazi pamepandwa mikaratusi inayorefuka kila mwaka. Wapimaji walizunguka kote, na kilima pekee walichokipata kinachoona Kisii mjini upande huu na Nyamira upande ule kilikuwa katika shamba la baba mkwe wangu. Nilijitoa katika mazungumzo yale. Sikutaka kusikia kwamba nimeleta mambo ya ukoo kazini. Wakubwa walikuja wenyewe, wakakaa na mzee, wakanywa chai, wakakubaliana, na juu ya hayo wakamfanya mlinzi wa busta. Aliivaa kazi hiyo kama alivyouvaa uzee wa kanisa. Mgeni asiyejulikana hakukaribia mnara ule, na mbuzi pia.

Swali likawa vyombo vya stima na betri viwekwe wapi. Mama mkwe ndiye aliyetoa jibu. Alisema, kwa nini msiviweke kwa nyumba ya huyu binti, nyumba iko karibu na busta, ina mlango wa chuma, na wenyewe hawapo wiki nzima? Ilikuwa kweli. Mume wangu hufundisha sekondari huko Narok na huja wakati wa likizo, mimi nimepanga mjini Kisii na huenda nyumbani mwisho wa wiki. Sebule ilikuwa bure. Kabati la betri likawekwa ukutani sebuleni kwangu, na breka yake pembeni, mimi mwenyewe nikaikaza skrubu. Stima ikichezacheza, breka ilikuwa ikijikata ili kulinda vyombo. Nilikuwa nampigia mama mkwe, anaingia, anasukuma kale kaswichi juu, anarudi kwa kuku wake. Haikuchukua muda wowote. Kila mtu aliona ni mpango mzuri, na hakuna aliyejiuliza siku mama hayupo itakuwaje.

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze. Kwetu Gusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si kwamba wamekosana. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na inatenganisha kizazi na kizazi ili kila mmoja abaki na siri yake na sura yake. Nyumbani kwake mzee mimi huingia sebuleni, napakua chakula, tunaongea, tunacheka. Lakini kwangu hajawahi kuvuka kizingiti tangu niolewe. Akiniletea ndizi huziweka barazani, anasimama kando, anakohoa. Hata hodi hapigi, kwa sababu hodi ni ya mtu anayetaka kuingia. Mume wangu alipougua malaria kali, baba yake alibeba kiti, akakiweka nje chini ya dirisha, akakaa hapo siku nzima akiongea naye kupitia ukutani. Mimi nilikuwa ndani namkanda mgonjwa kwa kitambaa, na sauti ya mzee ikija kutoka nje, ya upole, ikiuliza kama amekunywa uji.

Siku ninayoisimulia, mimi na msaidizi wangu tulikuwa Keroka. Tulikuwa tumebadilisha antena juu ya duka moja na tunarudi Kisii na pikapu ya kampuni, tukakuta trela limelala barabarani nje kidogo ya mji, limeziba pande zote mbili. Mbele malori, nyuma malori. Wenye mahindi ya kuchoma walikuwa wameshafika, na hiyo ni dalili kwamba tutakaa. Mvua ilikuwa ikijikusanya upande wa Marani, nyeusi, na radi tayari imeanza. Radi za kwetu hazina adabu.

Ndipo simu yangu ikalia ule mlio ninaouchukia. Marani haikuwa na stima. Ilikuwa inaishi kwa betri, na betri zenyewe zilikuwa zimechoka, nilikuwa nimeomba mpya na sijaletewa. Kwenye skrini niliona zikishuka.

Nilimpigia mama mkwe, simu yake ikawa imezimwa. Hapo nikakumbuka kwamba alikuwa makambi. Kanisa la Sabato lilikuwa kwenye makambi, mikutano yao ya kila mwaka, wiki hiyo, na kijiji kizima kilikuwa huko, wamebeba magodoro na sufuria. Aliyebaki nyumbani ni mzee peke yake, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa.

Nikampigia yeye. Tulizungumza Ekegusii, kama kawaida yetu, nami humwita Tata, yaani baba.

"Tata, habari za huko? Stima iko?"

"Iko. Taa ya jikoni inawaka. Radi moja tu imepiga, ng'ombe akashtuka."

Kama stima ilikuwa jikoni kwake na haiko kwenye busta, basi breka ilikuwa imejikata. Breka ilikuwa sebuleni kwangu. Ufunguo wangu wa akiba ulikuwa umeachwa na mama mkwe kwenye msumari jikoni, kwa hiyo mzee alikuwa nao. Alichohitaji ni kufungua mlango, kupiga hatua chache na kuinua kidole. Alikuwa amemwona mkewe akifanya kazi ile mara nyingi kiasi kwamba hakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe ni ile swichi ya ndani," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Na mama yenu yuko makambi."

"Kuna mtu yeyote hapo jirani?"

"Nimeita kwa ua, hakuna. Kwa barabara kuna vijana wa boda, lakini mimi siwezi kumfungulia mtu wa barabarani nyumba ya mwanangu, na vyombo vya watu viko humo."

Nikamwambia sawa, nitampigia tena. Msaidizi wangu alikuwa amesikia sauti bila kuelewa lugha, nikamweleza. Mafundi wetu wengine walikuwa Nyacheki, mbali upande wa pili, wamepanda juu ya mlingoti. Wangeshuka na kufika Marani betri zikiwa zimekwisha zamani.

"Mwambie mzee aingie, dada," akasema. "Ni kidole tu. Mungu anaona ni dharura."

"Siwezi."

"Atakataa?"

Hilo ndilo lililonitisha. Nilijua hatakataa. Kama ningemwomba, kwa sauti ya mkwe aliye taabani, mzee yule angeingia kwa ajili yangu. Angefungua mlango, angevuka kizingiti, angesukuma swichi, Nyamira ingebaki hewani na mimi ningekuwa mkuu kamili. Kisha angebeba jambo hilo peke yake. Angeacha kuniletea ndizi, angeacha kunitazama usoni, na siku moja angemwita mwanawe kando amweleze kwa aibu kwamba aliingia. Mimi nimesoma umeme chuo kikuu na siogopi radi wala urefu. Lakini nilipenda namna mzee yule alivyokohoa barazani pangu, na sikuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya kiti.

Nikampigia mkurugenzi kabla hajaona mwenyewe kwenye skrini yake.

"Nyamira itazimika," nikamwambia. "Nimekwama Keroka, barabara imefungwa. Betri za Marani zitakwisha kabla sijafika."

"Si kuna mlinzi pale?"

"Yuko. Ni baba mkwe wangu."

"Ana ufunguo?"

"Anao."

"Sasa shida ni gani?"

"Swichi iko ndani ya nyumba yangu, na yeye haingii nyumba yangu. Ni mila yetu. Sitamwomba aingie."

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, ofisi ya Nairobi na shughuli zake. "Unajua kesho ninakaa na wakubwa juu ya jina lako," akasema.

"Najua."

"Na unataka niende niwaambie Nyamira ilizimwa na mila?"

"Waambie ilizimwa na mimi. Mlinzi hakukataa kazi. Mimi ndiye nimesema asiingie."

Alikata simu bila kuaga. Niliiweka simu juu ya dashibodi nikaangalia mbele, kwenye nyuma ya lori la viazi. Msaidizi wangu alishuka akanunua mahindi mawili akanipa moja, na sikuweza kulila. Niliumia, nisidanganye. Nilifikiria wale wote watakaopiga simu kesho na kusema, nipe yule mwingine, na safari hii watakuwa sawa.

Simu ikalia. Ilikuwa mzee.

"Mokamwana," akaniita, maana yake mke wa mwanangu, na huniita hivyo akiwa na jambo. "Hili dirisha lililo upande wa avokado ni la chumba gani?"

"Ni la sebule, Tata."

"Si la kulala?"

"Hapana. La kulala liko upande wa migomba."

"Na hiyo swichi iko ukuta gani?"

"Ule ulioelekeana na hilo dirisha."

"Basi nitakuvunjia kioo kimoja."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka mti ule mrefu wa kuchumia avokado, uliolala daima kwenye matawi ya mparachichi wake, mwembamba, wenye panda kwenye ncha. Sebule yangu si kubwa. Mti ule ungefika ukuta wa pili na kubaki. Nikakumbuka pia kile kiti chini ya dirisha wakati wa malaria. Mzee hakuwa anavunja chochote ila kioo.

"Vunja, Tata," nikasema, na nikasikia kikivunjika.

Kisha nikakumbuka kamba ya nguo. Mwisho wa wiki uliopita mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika, nami nilikuwa nimefua. Nguo za nje nilizibeba mjini zikiwa mbichi. Zile nyingine, ambazo mwanamke hazianiki penye watu, nilizitundika kwenye kamba sebuleni, kutoka msumari wa mlango hadi msumari wa dirisha, nikasema nitazikuta zimekauka. Zilikuwa bado zinaning'inia pale. Mzee akiinua macho tu aangalie ndani, atakutana nazo zote.

"Tata," nikasema. "Tata, usitazame ndani."

Hakuuliza kwa nini. Mwingine angeuliza. Nikasikia viatu vyake vya mpira vikigeuka kwenye changarawe.

"Sitazami," akasema. "Ninatazama ng'ombe."

Basi tukaanza. Kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, aliiweka kwenye mfuko wa shati na sauti juu. Yeye alikuwa amesimama nje ya nyumba yangu amegeuzia dirisha mgongo, mti umepita chini ya kwapa lake umeingia ndani, macho kwa ng'ombe. Mimi nilikuwa Keroka ndani ya pikapu, nimefumba macho, naikumbuka sebule yangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa anaona kitu. Mvua ilikuwa imeanza upande wake na nilisikia ikipiga bati.

"Sukuma taratibu mpaka ugonge," nikamwambia. Mti ukagonga.

"Umesikia?"

"Hiyo ni ukuta. Rudisha kidogo, uende upande wa mlango."

Ukagonga tena, na kitu kikaanguka na kupasuka.

"Nimeua nini?"

"Ni chupa ya chai, Tata. Si kitu. Endelea vivyo hivyo."

"Hii nayo?"

Safari hii ulikuwa mlio wa bati tupu. Ilikuwa kabati lenyewe. Nilijua breka ilikuwa kulia kwake, usawa wa kifua changu, kwa sababu niliifunga mimi. Nikamwambia aende kulia, ashuke kidogo. Mti ukakwaruza. Msaidizi wangu alikuwa ameacha kutafuna, ameshika nusu ya hindi hewani, na hakuwa anajua neno moja la Ekegusii, lakini alikuwa akiinama kulia kila niliposema kulia.

"Hapo pana kitu kinachotokeza, kama pua," mzee akasema. "Panda ya mti imeshika chini yake."

"Ndiyo hiyo hasa. Inua, Tata, bila kugonga. Inua kama unayeng'oa avokado bila kulichubua."

"Hilo ninalijua," akasema.

Nikasikia mguno wake, kisha mti ukiteleza. Akajaribu tena. Betri kwenye skrini yangu zilikuwa zimebaki pabaya, rangi imegeuka nyekundu. Nikasikia mguno mwingine, na ndani yake, kwa mbali, kupitia mfuko wa shati na mvua, ule mlio mdogo wa breka ikikaa mahali pake. Hakuna mlio mwingine kama huo. Skrini ikakaa vilevile kwa muda. Kisha ikaandika Marani ina stima.

"Tata, imekubali," nikamwambia, na nikaanza kulia palepale mbele ya msaidizi wangu na muuza mahindi. Sikujaribu kujificha.

"Sawa," akasema mzee. "Ngoja nichomoe mti. Bado sijatazama."

Nyamira haikuzimika. Hospitali hawakujua kitu, ofisi hazikujua kitu, na hiyo ndiyo sifa pekee ya kazi yetu, watu wasijue kitu. Nikampigia mkurugenzi nikamwambia.

"Kwa hivyo aliingia," akasema.

"Hakuingia."

"Stima ilirudi aje?"

"Kwa mti wa kuchumia avokado. Kupitia dirishani."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nyumba yangu ya kwanza Machakos," akasema alipotulia, "babake mume wangu alikuwa anaongea na mimi akiwa nyuma ya mti. Mti mzima. Nilikuwa nimesahau." Hakuongeza neno, na safari hii aliaga kabla ya kukata.

Barabara ilifunguliwa jioni. Nilifika Marani nikakuta mzee zizini, na ndama amesimama tayari, miguu ikitetemeka. Hatukuongea juu ya dirisha. Niliingia kwangu, na kabla ya kuokota vioo niliangalia kamba. Nguo zilikuwa zote juu yake, kama nilivyoziacha. Mti ulikuwa umepita chini yake bila kugusa hata moja. Nikazitoa kwanza, ndipo nikachukua ufagio.

Wiki chache baadaye niliitwa Nairobi. Kulikuwa na keki, na watu wa mawasiliano wakanivisha kofia ngumu nipigwe picha, ndani ya ofisi yenye zulia, ambamo hakuna kinachoweza kukuangukia kichwani ila sifa. Waliandika chini ya picha kwamba mimi ni mwanamke wa kwanza kufika hapo. Nilitabasamu, na nilifurahi kweli, sitajifanya. Mkurugenzi alisimama pembeni. Picha zilipokwisha alinivuta mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama lile kabati bado liko sebuleni kwangu.

Nikamwambia bado liko, lakini agizo langu la kwanza bila kaimu ni kulihamisha. Agizo la pili lilimfanya msaidizi wangu azunguke kwenye busta zetu zote akiuliza swali ambalo wapimaji wetu hawakuwahi kuliuliza, nani hapa hawezi kuingia wapi. Alianza Nyacheki, na kule katikati ya majani chai akakuta betri zetu zimewekwa katika nyumba ya kijana aliyeoa juzi, na mlinzi ni baba yake. Alinipigia kutoka huko akicheka, akaniambia, "Dada, hapa pia wana mti mrefu, lakini hawana avokado."

Niliporudi Marani na mafundi kuhamisha vyombo, nilikuwa nimebeba mchoro wa kibanda kwenye kompyuta. Sikuhitaji kuufungua. Mzee alikuwa ameshajenga. Chini ya busta palikuwa na chumba kidogo cha mabati, nguzo za mkaratusi zilizonyooka, sakafu ya simiti, mlango unaofungwa kwa kufuli, na pembeni mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Hata tundu la nyaya alikuwa ameliacha, upande ulio sawa.

Aliweka ufunguo juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua chache, nami nikauchukua. Hivyo ndivyo tunavyopeana vitu.

"Hii si nyumba ya mtu," akasema. "Hakuna aliyeoa hapa. Hapa ni kazini."

Nilimshukuru, nikaingia na spana zangu. Mafundi walishusha kabati, tukalifunga, nikawatuma wakalete nyaya kwenye pikapu. Nilikuwa nimepiga magoti naikaza breka ukutani, skrubu ya mwisho, mvua ikaanza kudondoka juu ya bati. Nikasikia viatu vya mpira vikija, vikasimama mlangoni. Nikangoja akohoe, kwa sababu kwa miaka yote ya ndoa yangu hivyo ndivyo alivyofika mlangoni pangu.

Hakukohoa.

"Hodi, Injinia," akasema.

Niliinuka, nikapangusa mikono kwenye suruali.

"Karibu, Tata," nikasema, naye akainamisha kichwa asigonge bati, akaingia.